Kiatu Nilichomvua Shemeji

Jumapili, baada ya chakula cha jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na moshi wa kiwanda haukupanda, umelala juu ya mabati ya kambi yetu ya wafanyakazi. Hata bukari, ugali wetu, leo imenuka kiberiti. Ngoie amekula vizuri. Mimi nimechezea sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, mpaka ikapoa.

Nimeshinda, na sina raha hata kidogo.

Ngoja niandike tangu mwanzo, maana kichwa kinanizunguka. Mume wangu Kalenga alikufa kwa ugonjwa wa kifua wakati wa baridi. Kilio tulikimaliza, watu wakarudi kwao, na tangu siku hiyo ndugu zake wa Kamina wananiangalia kama kabati ambalo bado halijapata mwenyewe. Nguo zake waligawana. Viatu vyake vya Jumapili alipewa Ilunga, mdogo wake. Redio sijui ilienda na nani. Nimebaki na cherehani yangu, ambayo niliinunua mwenyewe kabla ya ndoa, na binti yetu Ngoie, ambaye juzi tu ameng'oka meno ya mbele.

Wiki hii akashuka kwenye treni Baba Mukubwa, yaani kaka wa baba yake Kalenga, abakosti, lile koti la kiserikali, imefungwa mpaka shingoni na Biblia kwapani. Kwao ni mzee wa kanisa. Amekuja na Ilunga, ili Ilunga anirithi. Angesema ni desturi ya ukoo ningekuwa na la kumjibu, kwa sababu kanisa letu desturi hiyo linaikataza. Lakini mzee ni mjanja. Amekuja na sheria ya Musa. Anasema imeandikwa kwamba mtu akifa bila mtoto wa kiume, ndugu yake amchukue mjane ili jina la marehemu lisipotee. Ngoie kwake si hesabu. Na nikikataa, sawa, nibaki na cherehani yangu, lakini mtoto ni wa ukoo, ataenda nao Kamina.

Jamani, tangu aseme hivyo nimekuwa nikimshika Ngoie mkono hata tukiwa ndani ya nyumba.

Ilunga mwenyewe ni mtu mpole. Ni fundi wa reli, ana mke wake na watoto wake. Miaka yote alikuwa ananiita "bibi yangu", yaani mke wangu, utani wetu wa shemeji, nami namwuliza basi vitenge viko wapi, tunacheka. Tangu mazishi hajaniita hivyo tena. Jana alinikuta kwenye bomba nikichota maji, akasimama pembeni, anaangalia ndoo.

"Mama Ngoie, mi siko nataka hii maneno. Muke yangu analia tu kila siku. Lakini ni Baba Mukubwa njo alinisomesha. Nitamwambia nini?"

Nikamwambia amwambie hivyohivyo. Akatikisa kichwa, akanibebea ndoo mpaka mlangoni.

Leo baada ya ibada wanaume walibaki kanisani kwa ajili yangu. Mimi nilikaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, kwa sababu Pasta alisema mwanamke anyamaze katika kusanyiko, Paulo aliandika. Haya. Mimi ninayewafundisha watoto wao Biblia kila Jumapili, ambaye nusu ya wale waliokaa mbele wanakuja kuniuliza hadithi fulani iko ukurasa gani, nikanyamaza.

Mwanzoni Pasta alinifurahisha sana. Alisema sheria ile ilikuwa ya Wayahudi wa zamani, imepita, sisi tuko chini ya neema. Nikasema amina moyoni, amina kubwa. Nilitaka kuruka.

Baba Mukubwa hata hakukasirika. Akauliza taratibu, "Pasta, na fungu la kumi? Iko sheria ya nani?"

Sahani za sadaka zilikuwa bado mezani.

Pasta akaanza kuzungukazunguka. Mara Abrahamu, mara roho ya sheria, mara barua za mitume. Nikamwona mtu amekwama. Na mimi pale nyuma nikaanza kuwaza mambo ambayo sikuwahi kujiruhusu kuyawaza. Kwamba mamlaka zote zimetoka kwa Mungu, hilo tunalichukua neno kwa neno, tena kwa sauti, maana siku hizi huwezi kujua nani anasikiliza. Serikali iliposema tuache majina ya ubatizo, Pasta aliliacha lake kabla ya jirani zake. Kwamba jicho likikukosesha uling'oe, ah, hilo ni mfano tu, na macho ya wanaume wa kwaya yote yako salama. Kwamba mwanamke anyamaze, hilo ni neno kwa neno. Uza vyote uwape maskini, hilo ni la yule tajiri peke yake. Nani anapanga? Nilikuwa nimekasirika.

Mwishowe Pasta akasema basi, labda familia ielewane yenyewe. Yaani alinawa mikono, akaniacha. Baba Mukubwa akamgeukia Ilunga, akamtaka aseme mbele ya watu kama ananioa: "Sema mbele ya bantu. Unamutwala huyu mama, ao tubebe mutoto?" Ilunga akaangalia chini.

Nikasimama. Sikuomba ruhusa.

Nikasema, "Baba Mukubwa, usikasirike. Soma na mbele. Usisimame pale."

Akasema miwani yake ameiacha alikofikia. Basi nikamsimulia mimi, mistari hiyo naijua. Nikasema mbele imeandikwa hivi: yule ndugu asipotaka, mjane ataenda mbele ya wazee, atamvua kiatu kimoja, na atamtemea mate usoni. Nyumba yake itaitwa ya aliyevuliwa kiatu, na neno linaishia hapo. Hakuna palipoandikwa kwamba mtoto anachukuliwa. Kama tunafuata Musa, baba, tumfuate mpaka mwisho.

Nikamwuliza Ilunga, "Unanitaka?"

Akajibu, "Hapana, Mama Ngoie. Siko nakutaka." Nafikiri ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia yule mzee hapana.

Nikapiga magoti mbele yake, nikafungua kamba ya kiatu.

Hapo ndipo nilipogundua ni kiatu cha Kalenga.

Nilijua alipewa, lakini kujua ni kitu kimoja, kukishika ni kingine. Kisigino kile ninakijua, kilipigwa misumari mara mbili kwa sababu Kalenga alikuwa anatembea akiegemea kulia. Ngozi ile niliipaka rangi kila Jumamosi ya ndoa yetu. Nimemvulia mume wangu kiatu kile siku alizorudi kanisani amechoka, akikohoa, hawezi kuinama. Na sasa ninakivua mguuni mwa mdogo wake, na wanaume wote wamenyoosha shingo, na mimi nalia kama mtoto.

Nikainuka nacho. Yamebaki mate.

Nikamwangalia Ilunga. Alikuwa ananisubiri. Amefumba macho, uso ameuleta mbele kidogo, tayari. Paji la uso lile ni la Kalenga kabisa. Sikuweza. Mdomo ulikuwa mkavu, lakini hata ungekuwa umejaa maji nisingeweza.

Baba Mukubwa alikuwa amenaswa na maneno yake mwenyewe, na yeye ni mtu wa kuheshimu kilichoandikwa, hilo nampa. Akafunga Biblia. Akasema, "Mutoto abakie na mama yake." Nikapumua. Akavaa kofia, na alipofika mlangoni akageuka. "Lakini haukutema mate. Umechukua nusu. Nitafikiri ile nusu ingine iko na maana gani."

Ndiyo maana sina raha.

Bamama wenzangu walinikumbatia nje, wengine wanacheka, wananiita wakili. Lakini mimi niliona Ilunga akitoka kwenye mvua na kiatu kimoja, mguu mwingine peku kwenye tope, anapita katikati ya kambi, na watoto wanamfuata wanaimba "kiatu kimoja, kiatu kimoja". Kosa lake nini? Alisema ukweli niliomwomba aseme. Adhabu ile iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye roho mbaya anayemtupa mjane wa ndugu yake. Mimi nimempa yule aliyenibebea ndoo.

Na tena, wacha niseme yote, hapa hakuna wa kunisikia. Asubuhi Pasta aliposema sheria ya Musa imepita, nilisema amina. Mchana nikaisimamisha sheria ileile, nikaishika kwa mikono miwili. Halafu nilipofika kwenye mate nikaiacha tena. Nimemcheka Pasta kwa sahani zake za sadaka, na mimi je? Mstari wa kwanza niliukataa kwa sababu ulikuwa unanichukulia maisha. Wa pili niliukubali kwa sababu ulikuwa unaniokoa. Wa tatu niliukataa kwa sababu ya paji la uso la mtu. Ukiniuliza ni ipi kati ya hizo sababu ilitoka kwa Mungu, nitakuambia ya tatu. Lakini siwezi kukuonyesha ukurasa.

Kiatu kiko hapa mezani. Ngoie amekiona, ameniuliza, "Mama, baba mudogo atavaa nini?" Nilienda kuchukua rangi na kitambaa, nikakipaka kama nilivyokuwa nafanya.

Treni yao inaondoka kesho asubuhi. Nimetafuta kwenye Biblia inakuwaje mjane akirudisha kiatu. Hakuna. Haikuandikwa, kwa hiyo Baba Mukubwa ataiandika mwenyewe palepale stesheni. Anaweza kusema ukirudisha kiatu umerudisha na shauri. Anaweza kusema, leta mtoto. Nikibaki nyumbani kimya, Ngoie ni wangu na hakuna wa kuniuliza kitu. Ni Ilunga tu atakayeshuka Kamina mbele ya mke wake na mguu peku, na jina litakalomfuata mpaka uzeeni.

Nimezunguka humu ndani mpaka Mama Zainabu, jirani yangu, Mwislamu wa Maniema, amenigongea ukutani kuuliza kama naumwa. Nikatoka, nikamweleza yote mlangoni pake. Hakunipa ushauri wowote. Alisema tu, "Mimi kesho niko nyumbani siku nzima, dada."

Basi nimeamua. Nitaenda stesheni asubuhi na kiatu cha Kalenga ndani ya kikapu, na nitamvalisha Ilunga mwenyewe, kwa kupiga magoti, mbele ya wote waliopanda. Baba Mukubwa aseme anachotaka kusema.

Ngoie atabaki kwa Mama Zainabu. Nimemwambia jirani yangu afunge mlango kwa ufunguo, na asimfungulie mtu yeyote mwenye Biblia.