Kengele ya Dakika ya Nne

4 Mei

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na lile jino limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri kila nikikanyaga pedali ya cherehani. Baba yako kifua bado kinambana. Vumbi la saruji halitoki kwa dawa ya kikohozi.

Mito yenu hamsini ya kukalia imekwisha kushonwa. Nimeshindilia sufi mpaka ikaniingia puani. Mtawa wenu alikuja mwenyewe kuichukua, yule mrefu mwenye joho la rangi ya matofali, akakaa kwenye kigoda changu kama mteja aliyekuja kupimwa suruali. Akanieleza habari za mafunzo ya familia hapo kituoni kwenu mwezi ujao, siku tatu, na kwamba Wabudha hamtaki mtu abadili dini yake. Nikamuuliza mnafundisha nini hasa. Akasema, kusikilizana. Nilicheka, mwanangu, nusura nijichome sindano.

Wewe unaijua nyumba hii. Tangu tumzike mdogo wako Bosi, miaka tisa sasa, sijamtamkia baba yako neno. Nampikia, namfulia, na chumvi ikiisha naandika kwenye kikaratasi naweka mezani. Naye hunijibu kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Watu wanadhani namchukia kwa sababu mtoto alizama kwenye tangi la uwanja wake wa matofali. Si hilo peke yake. Siku ile aliniambia, "Mimi ndiye niliyesahau komeo la geti la tangi," akafunga mdomo mpaka leo. Mtu aliyekuwa akirudi mara tatu kuangalia kama amefunga banda la kuku! Siku ile alisahauje? Nataka nilisikie hilo kwa kinywa chake kabla mmoja wetu hajaondoka. Sina haja nyingine.

Nimemwachia kikaratasi: Twende kwa Wabudha?

Mama yako


19 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, jino nimeling'oa, sasa natafuna upande mmoja. Pole kwa magoti. Mpe baba pole ya kifua.

Mito imefika na watu wameisifu. Kuhusu mafunzo, sitaki kuwakatisha tamaa, lakini nikueleze yalivyo. Asubuhi mnakaa kimya saa nzima. Baadaye mnatembea bustanini polepole kama watu waliodondosha ufunguo. Watoto wanachora. Chakula kinaliwa bila maneno, na hilo najua halitawasumbua nyie. Mchana kuna zoezi la kusikilizana. Wawili wanakaa uso kwa uso, mmoja anasema dakika kumi na mbili, mwenzake hajibu, hatikisi hata kichwa. Kengele ikilia, msemaji ananyamaza hapo hapo, hata kama neno limefika kwenye meno. Wanaunganisha viganja, wanainamiana, zamu inabadilika. Na yaliyosemwa pale hayaulizwi tena nje, mpaka aliyeyasema apende mwenyewe kuyarudia.

Kengele napiga mimi. Ndiyo kazi yangu, pamoja na mashuka na funguo za vyumba.

Mama, watu wengine wanatoka pale wamevurugika kuliko walivyoingia. Sakafu ni baridi na baba ana kifua. Labda mngengoja mwakani.

Mwanao


2 Juni

Binti yangu,

Hujambo? Sisi wazima. Nakuandikia upesi upesi kabla posta haijafunga.

Baba yako amejibu. Kwenye kipande cha saruji ameandika: Twende. Nitavaa soksi mbili mbili. Nimekitunza kwenye kopo la vifungo.

Mwakani nani amekuambia tunao? Tutafika Ijumaa ya wiki ijayo. Usitupe chumba cha mbali na choo.

Mama yako


24 Juni

Binti yangu mpendwa,

Tumefika salama. Ahsante kwa blanketi za ziada, baba yako alilala kama mtoto mchanga. Mtawa naye msalimie, mwambie yule mto uliopasuka si mshono wangu, ni uzito wa yule kinyozi wa mtaani kwetu.

Sasa nikueleze. Ulikuwa hatua mbili kutoka kwetu, lakini ulikuwa umeinamia saa yako kama kazi inavyotaka, na baadaye hatukupata nafasi.

Baba yako ndiye aliyeanza. Alinitazama usoni, nikaona nilikuwa nimesahau kwamba jicho lake la kushoto lina doa. Akaanza na habari za kifua chake. Akasema amechoka kuandika kwenye mifuko. Halafu akavuta pumzi, akasema:

"Mke wangu, lile komeo sikulisahau mimi. Aliyelisahau..."

Kengele ikalia.

Akafunga mdomo. Akaunganisha viganja, akainama. Nami nikainama, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Zamu yangu ilipofika nililia tu. Kinyozi aliyekaa na mkewe pembeni yetu alinong'ona kwamba yeye hata koo alikuwa hajamaliza kulisafisha.

Tulipofika nje ya geti lenu nilimwambia baba yako neno la kwanza katika miaka tisa. Nilimwambia, "Malizia." Akanijibu, "Kengele ilishalia." Huyu ambaye hajawahi kufuata hata foleni ya maji, leo ameshika sheria za Wabudha kuliko mtawa.

Basi sasa naongea naye. Nimemwambia anisamehe, akasema hakuna cha kusamehewa, akaniomba chai. Lakini kama si yeye, ni nani? Siku ile uwanjani walikuwa yeye, Bosi, na yule mzee mchanganya zege. Naona hesabu si ngumu.

Mwanangu, hukuweza kuichelewesha ile kengele kidogo?

Mama yako


10 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mimi sijambo, kazi nyingi, kuna kundi jipya la walimu limeingia.

Nilikuwa natazama saa, sikusikia mlichokuwa mnaongea. Na muda ukifika umefika, siwezi kuwapendelea wazazi wangu. Ila mmeanza kuongea tena, na mimi nilidhani hilo ndilo kubwa. Mengine yaacheni yapite.

Yule mzee wa zege msimguse, tafadhali. Ni mtu mzima na hana ugomvi na mtu.

Mwanao


28 Septemba

Binti yangu,

Natumaini ulirudi salama baada ya mazishi. Nyumba imekuwa kubwa. Naweka vikombe viwili, nakumbuka, narudisha kimoja. Matofali yake ya mwisho yako uwanjani, hakuna anayeyamwagilia maji, naona yameanza kupasuka pembeni.

Nimshukuru Mungu kwa miezi mitatu. Tuliongea, mwanangu, kama wachumba. Alinisimulia hata ndoto zake, na zilikuwa za kipuuzi. Lakini kila nikimrudisha kwenye ile sentensi anacheka mpaka anakohoa, anasema kengele ilishalia. Asubuhi ile ya mwisho nilimsihi. Nilimwambia, nipe jina tu. Akanishika mkono, akasema, "Ukilijua litakusaidia nini? Bosi harudi." Saa nne akafariki.

Basi nimelitafuta mwenyewe. Juzi nilikwenda kwa yule mzee wa zege. Nilimkuta uani kwake anamenya viazi na wajukuu zake. Nikamwambia mbele yao kwamba ameniulia mtoto na kumwachia mume wangu mzigo. Hakunijibu. Kisu kilimponyoka, akainama kukiokota. Mjukuu wake mkubwa ndiye aliyenitoa nje. Majirani sasa hawamwamkii, na mimi sijisikii vizuri kama nilivyodhani nitajisikia.

Kuna jambo jingine. Kinyozi alikuja kuhani. Ameniambia siku ile aliangalia saa ya ukutani, kengele ililia dakika ya nne. Nne, si kumi na mbili. Saa yako ilikuwa mbovu? Ulikuwa karibu kuliko mtu yeyote, mwanangu. Jaribu kukumbuka. Hukusikia chochote kabisa?

Mama yako


30 Novemba

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali kwa sababu naijua, na mimi ndiye niliyeileta. Najua umekwenda posta kila Jumanne, miezi miwili, ukirudi mikono mitupu.

Yule mzee hakufanya kitu. Nenda kwake leo hii ukamwambie.

Siku aliyozama Bosi nilifika uwanjani. Hukujua kwa sababu ulikuwa kazini. Nilimpelekea baba chai, na nilipotaka kusuuza vikombe nikafungua geti la tangi kuteka maji. Nikatoka na ndoo mkono mmoja, chupa ya chai mkono mwingine, nikalisukuma geti kwa kisigino. Nikasema nikishaweka ndoo nitarudi kutia komeo. Bosi alikuwa anakagua matofali, mikono nyuma, anayahesabu hesabu yake ile ya moja, mbili, tano. Nikamcheka. Nikaenda nyumbani.

Baba alinifuata nyumbani kabla hata ya kukutumia mtu. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji. Alinishika mabega akasema, "Leo hukufika uwanjani. Umenisikia? Hukufika." Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikasema ndiyo. Halafu nikakaa kwenye nyumba ile nikisoma vikaratasi vyenu mezani. Nilipofika miaka kumi na tisa nikakimbilia huku, ambako watu wananyamaza bila kuulizwa sababu.

Siku ya zoezi nilisikia kila neno. Alipofika kwenye "aliyelisahau" saa ilionyesha dakika nne na kidogo. Mkono wangu ulipiga, mama. Sitaki kusema ulipiga wenyewe. Niliipiga mimi, ukumbi mzima ukanyamaza, watu wazima thelathini wakainama kwa sababu yangu.

Wewe ulidhani baba anakuinamia wewe. Alikuwa ameelekeza macho kwangu. Alielewa mara moja. Ile ndiyo sababu hakumalizia, si sheria za Wabudha. Aliona sitaki, akanilinda mara ya pili, na safari hii hata sikumshukuru. Nilikuja kwenye mazishi nikamwaga udongo kama watu wengine, nikapanda gari nikaondoka.

Nimemwambia mtawa. Hakunifukuza. Alininyang'anya kengele tu, nafua mashuka.

Sijui nisaini vipi. Kama bado naruhusiwa,

Mwanao


17 Januari

Binti yangu,

Barua yako niliipata. Mimi mzima wa mwili. Kupasi kunanishinda kwa sababu mkono umeanza kuniuma, lakini cherehani inakwenda.

Nilikwenda kwa mzee wa zege siku ile ile. Nilipiga magoti mbele ya wajukuu wake, mahali pale pale. Alinipa kiti, akaniambia alikuona. Alikuwa upande wa pili wa rundo la mchanga, akakuona unatoka na ndoo. Miaka yote hii. Nilipomtukana angeweza kunijibu kwa neno moja, akanyamaza, kwa sababu baba yako alimwomba. Nimejiuliza kama mimi ndiye mtu pekee katika mji huu niliyekuwa sijui kilichomuua mtoto wangu.

Halafu nilimwaga kopo la vifungo mezani. Vipande vyote vya saruji nilikuwa nimevitunza, sijui kwa nini. Chumvi. Mafuta ya taa. Bomba linavuja. Nguo ya shule ya mtoto imefupika. Mtoto anakohoa, mpeleke hospitali. Mtoto huyo ni wewe. Nilivisoma vyote, na karibu kila kimoja anauliza habari zako, na hakuna hata kimoja anajitetea yeye.

Sasa nikuambie, kwa sababu nimechoka kuandika mambo ya chumvi. Lile komeo ningekusamehe siku ile ile. Ulikuwa mtoto na mikono yako imejaa. Ningelia, ningekupiga labda, halafu ningekukumbatia, na tungelala watatu kitanda kimoja. Miaka tisa ya kumnyima mume wangu neno, hiyo mligawana wewe na yeye, na mimi nilitia sehemu yangu. Nayo nitaimeza polepole.

Ile kengele sijui. Nimejaribu kuisamehe, nakaa kwenye kigoda najaribu, inakataa. Alikuwa amevuta pumzi tayari. Nilimwona.

Mwambie mtawa aandike majina mawili kwenye mafunzo ya familia ya mwezi wa nne, langu na lako. Tukae uso kwa uso. Mimi nitasema kwanza, na wewe utanyamaza, wala usitikise kichwa. Dakika zote kumi na mbili.

Kengele apewe mtu mwingine.

Mama yako