Sauti ya Mwanaume kwenye Simu ya Irine

Nancy, Meshack kampiga mdogo wangu Irine! Leo mchana, kwao Kikwe!

Irine alikuwa jikoni anasikiliza mazoezi ya ule mtihani wake wa Kijapani, wa wanaoanza. Mwanaume wa kwenye rekodi ya simu anauliza, yeye anajibu. Mumewe akaingia.
"Unaongea na nani?"
"Ni mtihani, baba Angel."
Akamzaba kofi, damu ikamtoka mdomoni. MTIHANI, Nancy!

Halafu akashika panga. Panga, shoga! Irine akawahi mchi, akamtwanga nao hadi akamvunja mkono. Jitu zima likalia chini, simu bado inauliza maswali.

Irine yuko hapa kwangu Moshono na mtoto. Nikamwambia mtihani auache kwanza.
"Dada, mtihani nafanya. Kwa Meshack ndiyo sirudi."