Karatasi ya Mfukoni mwa Shati Lako

Baba Lusia,

Leo ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na bado sijazoea kufungua chumba cha mashine ya maji peke yangu. Maji yanapanda Newala kama kawaida. Kina mama wa Makote hawashuki tena bondeni na mitungi, jambo ulilojisifia kana kwamba mashine ilikuwa ya babako. Nakumbuka ulivyokuwa ukijipangusa jasho kwa kitambaa kilekile cha oili, ukarudi kwa mkeo na paji jeusi kama mtu aliyetoka ibada ya Jumatano ya Majivu. Nacheka, halafu nakasirika. Nakukasirikia wewe, kwa kuwa ulinisikiliza.

Zilibaki wiki mbili tu miezi sita ya majaribio ikuishie. Mzungu, mkubwa wetu wa kazi, alishasema, mtu wa majaribio akiugua siku tatu, arudi kwao. Wewe ulikuwa umekwisha kuugua mbili. Asubuhi ile ukamtuma jirani aniambie homa imekushika, huwezi hata kusimama. Daftari la mahudhurio nilikuwa nalo mimi. Nikachana karatasi, nikakuandikia: "Njoo hivyo hivyo. Ukae tu, kazi nitafanya mimi." Nikatia jina langu, nikampa jirani akuletee. Nilidhani nakuokoa, ndugu yangu. Mungu ni shahidi, nilidhani nakuokoa.

Ukaja. Ukalala juu ya magunia kutwa nzima, unatetemeka, na mimi nikaandika "yupo". Jioni ukaanza kupanda mlima kurudi nyumbani. Hukufika. Walikukuta kwenye kona ya pili, umeegemea jiwe.

Mkeo hajui kusoma. Tulipomaliza matanga akaniletea karatasi aliyoikuta mfukoni mwa shati lako. "Shemeji, nisomee, labda ameniachia neno." Nikamwambia ni orodha ya vipuri vya mashine. Akaikunja vizuri, akanishukuru. Akanishukuru, Baba Lusia! Sasa anaihifadhi ndani ya kitabu cha sala.

Aliyeletwa mahali pako naye alishikwa na homa. Safari hii niliandika "mgonjwa", siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakamfukuza. Juzi nimemkuta sokoni anauza mihogo, hakuitikia salamu yangu. Lakini alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, anabishana bei na wateja. Nikaenda nyuma ya vibanda, nikalia.

Pumzika, rafiki yangu. Kukuomba wewe msamaha ni rahisi mno, maana huwezi kunijibu. Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwa Mama Lusia, nimwombe aitoe ile karatasi, nimsomee kama nilivyoiandika, mpaka jina langu lililo chini. Akinitimua, nitaondoka. Akiniuliza kama nilijua kwamba hujiwezi, nitamwambia nilijua.

Mwenzako,
Yohana