Joint ya Mukuba

Kazi mbili, 8 Mei 1956

Joint ya tatu imeungua tena, ile ya kuziba moshi kati ya tuyau na moteur. Ni motokari nyekundu ya mbio, ya daktari wa meno. Alitosha tuyau za moshi za zamani, akaleta zingine toka Johannesburg kusudi ikimbie zaidi. Haziketi muzuri ku moteur. Moshi inatokea pembeni, pfff pfff pfff, masizi kila fasi. Patron, mwenye garage, anasema mi sijue kukaza boulon. Uongo! Nikapakaa maji ya sabuni, nikamuonyesha mapovu: njo pale, chuma haiko sawasawa. Akageuza uso.

Kazi tatu, 9 Mei

Mashindano ni siku ya Yenga. Nikamwambia patron: joint ya amiante, ile kama karatasi, itaungua kila mara, nitatengeneza ya mukuba, shaba nyekundu. Akacheka. Nikaongeza: ikishika, utaandika "mécanicien", fundi kamili, mu buku yangu ya kazi. Miaka kumi na moja niko "aide", musaidizi tu. Nafundisha bazungu bapya, kisha banakuwa bakubwa yangu.

"Bon, Célestin, tutaona."

Nimechoka na ile tutaona.

Kazi ine, 10 Mei

Asensio, sikukuu ya Yezu kupanda mbinguni. Garage imefungwa. Kisha ya misa nikaomba Philomène, muke yangu, sufuria yake ya mukuba, zawadi ya bamasoeur ya misioni siku ya ndoa yetu.

"Weye na motokari ya bazungu! Confiture ya maembe nitapikia mu kofia yako?"

Akashika mukasi ya bati yeye mwenyewe, akakata joint ya kwanza. Nilisikia haya. Furaha pia.

Kazi tano, 11 Mei

Nikachoma joint mpaka nyekundu, nikatupa mu maji. Patron akapiga kelele: umeharibu, itakuwa nguvu! Aah non. Chuma njo inakuwa nguvu vile. Mukuba inalegea. Nkambo, babu yangu, alikuwa anafua mukuba mbele bazungu bafike huku. Nikaikunja na vidole, vile tu, mbele ya macho yake. Nikasawazisha chuma na tupa, nikafunga. Tukawasha. Hakuna pfff. Hata mapovu hakuna.

Siku ya posho, 12 Mei

Mukuba ikipata moto mara ya kwanza, inabonyea. Lazima kukaza tena moteur ikipoa, ama kesho itapuliza moshi. Patron anajua, nilimwambia jana. Asubui nikamuletea buku.

"Kisha ya mashindano, njo nitaandika."

Non! Nikaweka clé ya kukaza boulon juu ya meza. Nikaketi.

Daktari akafika, akauliza tunangojea nini. Nikamwambia yote, mu kifaransa, bila kuinamisha kichwa. Nyumba yetu ni ya patron: kazi ikiisha, nyumba inaisha. Nilisema hata vile. Patron uso wote nyekundu.

"Andika basi, mon vieux," daktari akamwambia. "Kesho nakimbia."

Ameandika. Kalamu ilikaribia kutoboa karatasi. Nikasoma mara mbili, pole pole, yeye anasimama pale. Kisha nikabeba clé, nikakaza moja moja.

Siku ya Yenga, 13 Mei

Tulisimama na Philomène nyuma ya kamba, upande ya batu beusi. Vumbi mingi. Motokari nyekundu ilipita mara kumi na mbili. Philomène akauliza nani alifika wa kwanza. Sijue. Nilikuwa nafunga macho, nasikiliza kama pfff inarudi. Hata moja hakuna.