Babu, Miti Yake na Filimbi

Nyumba ya Bati la Kijani,
Ng'ambo ya Bonde.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, na darasani nimekuwa wa tatu. Lakini nyumbani si kwema, ndiyo maana nakuandikia.

Unaukumbuka mtaa wa matajiri anakolinda Baba. Babu husema ulikuwa uwanja wa mawe, naye alipokuwa kijana alichimba kwa sururu mashimo ya miti ile yote. Sasa matawi yameshikana juu ya barabara, mchana ni kama jioni. Matajiri wenyewe hawatembei. Hata mtoto akienda nyumba ya pili hupelekwa kwa gari, na mbwa wana daktari wao. Kwa hiyo anayekwenda kwa miguu ni mfanyakazi, au ni mwizi.

Tangu wizi wa mwaka jana, kamati yao imeweka sheria: filimbi ikilia, kila mlinzi atoke na rungu, apige kwanza, aulize baadaye. Fundi bomba aliyekosea geti alitolewa meno manne. Baba alitusimulia huku akicheka kidogo.

Jumamosi iliyopita, saa saba mchana, nilikuwa nampelekea Baba chakula. Babu alikuwa amenitangulia. Alisikia kwamba mti wake mmoja umefungwa kibao kwa waya, na waya unazama kwenye gome, akachukua panga aende kuukata waya huo. Mama mmoja aliyehamia majuzi akaona mtu mwenye kofia pana ameinama kando ya ua wake, panga mkononi. Akapuliza filimbi.

Walitoka kama nyuki.

"Miguu! Mpige miguu asikimbie!"

Nilisikia mfupa ukilia. Nikapiga kelele, "Ni Babu! Ni Babu!" lakini filimbi zilikuwa nyingi. Baba alifika wa nne. Alipenya katikati yao, rungu lake likashuka mara mbili kwenye mkono uliokuwa unakinga kichwa. Kofia ikaanguka. Uso ulikuwa damu tupu. Babu akamtazama, akasema, "Basi, mwanangu. Nimechoka."

Mkono wa kulia umevunjika mara mbili, mbavu tatu, jicho la kushoto halijafunguka. Daktari anasema atapona. Baba alimbeba mgongoni hadi hospitali, lakini tangu tumrudishe nyumbani hajaingia chumbani kwa Babu. Analala jikoni. Rungu amelipasua kwa shoka hadi likawa njiti.

Babu ndiye anayetania. "Tangu utotoni hajui kulenga, mawe yake yaliua kuku wa jirani. Leo kanilenga mimi, halafu anasusa?" Hucheka, kisha hushika mbavu.

Baba Mdogo, Baba huwa anakusikiliza wewe. Mwandikie, hata mistari miwili.

Nilikuwa nimeishia hapo, nikasikia Babu analalamika ndevu zinamwasha. Mama akachukua wembe, Babu akakataa. "Aje yeye aliyevunja mkono wangu wa kunyolea."

Baba ameupokea wembe, amesimama mlangoni. Babu ameinua kidevu, akafumba jicho lake moja zima, akaiacha shingo wazi.

Sasa Baba amevuka kizingiti. Ninachosikia ni wembe tu, unakwenda taratibu.

Nisalimie Mama Mdogo, Shangazi na wale mapacha. Mungu awalinde, awajalie mtambulike popote mtembeapo.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukungoja,
Binti wa kaka yako.