Bundala Ametutukana

Goweko,
2 Machi 1975

Kaka Modest,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Huku kwetu afya ipo, chakula kipo, usingizi ndio umehama. Kaka, nimejifungua! Mtoto wa kike, mweusi wa kung'aa, na kilio chake kinafika stesheni. Nimempa jina la marehemu mama, Veneranda. Nakuandikia nikiwa nimekaa mbele ya bani la kukaushia tumbaku, mkono mmoja unachochea moto, mtoto yuko mgongoni, na yule mkubwa ananivuta kanga anataka uji. Mwandiko ukipinda usinicheke.

Sasa sikia kilichonifanya nikimbilie kalamu. Mtoto atabatizwa Pentekoste, na msimamizi wake wa ubatizo ni wewe. Ndiyo, wewe! Katekista Kasimiri alishika kichwa: "Tekla, mfungwa amsimamie mtoto? Aje kanisani na pingu?" Nikamwambia tumwachie padre aseme. Padre kapita jana na pikipiki yake, kasema inawezekana. Wewe uungame, ukubali kwa moyo wako, na siku yenyewe mtu mwingine asimame mahali pako ajibu kwa jina lako. Niliruka, kaka, mzazi mzima na mgongo huu unaouma, mpaka Kasimiri akaona aibu kwa niaba yangu.

Eustace mume wangu anakusalimu sana. Na wewe afande unayesoma kabla yake, shikamoo, tafadhali usiikawize.

Mdogo wako,
Tekla


Gerezani, Tabora,
23 Machi 1975

Mdogo wangu Tekla,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili. Hongera ya uzazi, na jina la mama umelipa heshima. Nilisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Lakini tafuta mtu mwingine. Tangu niletwe hapa sijasali. Padre akija, wenzangu wanakwenda, mimi nabaki na ufagio. Nikifika kwenye "utusamehe makosa yetu" ulimi unakauka.

Wewe unajua sababu. Bundala si adui yangu, ni mtani. Babu yake na babu yetu walibeba mizigo pamoja kwenda pwani, wakauguzana njiani, na tangu hapo wa kwao anatutukana, wa kwetu anacheka na kumrudishia, na kukasirika ni mwiko. Siku tuliyohamishiwa kijijini, lori linanguruma, mimi natazama kaburi la mama tunaloliacha, Bundala akapaza sauti: "Huyu mama yenu mnamwacha porini, au mmemkatia tiketi?" Utani wa msiba kama alivyofanya siku zote. Na mimi nikachukua mpini wa jembe nikamvunja mkono.

Hakimu kanihukumu kwa ajili ya mkono. Kwa ajili ya utani hakuna aliyenihukumu, na hilo ndilo linalonila. Mtu aliyempiga mtani wake, atasimamaje kusema anamkataa shetani? Shetani mwenyewe atacheka.

Usinichukie.

Kaka yako,
Modest


Goweko,
6 Aprili 1975

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima, isipokuwa Veneranda ana kikohozi cha moshi wa bani, nampaka mafuta ya nyonyo kifuani. Wewe je, wanakulisha? Unalala?

Haya, nimekwisha kukusalimu. Sasa nitasema kama mama wa watoto wawili, unisamehe udogo wangu. Ni nani aliyekwambia msimamizi lazima awe malaika? Petro alimkana Bwana mara tatu, tena mbele ya kijakazi, na funguo akapewa. Yule mwizi msalabani hakupata hata nafasi ya kurudi kwa watu aliowaibia. Aliomba pale pale alipotundikwa. Wewe una miguu, una padre anakuja mpaka mlangoni, halafu unashika ufagio! Mungu hakukufukuza, kaka. Umejificha tu, kama vile ulivyokuwa unajificha ghalani mama akikuita.

Ila moja umesema kweli, nami sitalifunika. Tangu mkono wake upone, Bundala hatutukani tena. Akinikuta kisimani ananiambia, "Habari za asubuhi, mama. Watoto hawajambo?" Kwa adabu, kama mtu wa kuhesabu watu! Kila nikiisikia adabu hiyo natamani kulia. Matusi yake yalikuwa mazito, lakini yalikuwa ya nyumbani.

Basi nakwenda kwake. Nitamwomba yeye ndiye asimame mahali pako. Eustace ananiambia nimerukwa na akili. Kasimiri amesema ataniombea. Wewe omba pia, hata kama ni maneno mawili. Ukikwama kwenye "utusamehe", rudi mwanzo, anza tena.

Mdogo wako,
Tekla


Goweko,
4 Mei 1975

Kaka! Kaka Modest!

Shikamoo, wote wazima, kikohozi kimekwisha, na Bundala ametutukana!

Ngoja nivute pumzi niandike vizuri. Nilichelewa kwenda, nakiri, woga ulinishika. Kila siku nilikuwa na kuni za kukata na nguo za kufua. Leo baada ya sala nikambeba mtoto nikaenda moja kwa moja. Nimemkuta na mkewe Apolinaria wanachambua tumbaku. "Karibu, mama," akasema, akanifutia kigoda. Hiyo adabu! Nikakataa kukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, "Bundala, kaka yangu ndiye msimamizi wa huyu mtoto, na wewe ndiye utakayemjibia siku ya ubatizo. Mtoto anaitwa Veneranda."

Akaweka jani lake chini. Apolinaria akabaki na lake mkononi. Nikaona nimeharibu. Bundala akainuka, akafunua kanga, akamtazama mtoto mpaka nikachoka. Halafu akafoka: "Veneranda! Kumbe hukubaki porini! Umetutangulia kijijini, tena umepunguza mwili usilipe nauli! Na sura hii mbaya umeitoa wapi? Paji kama kibuyu cha pombe! Ukoo mzima hamna mtu wa kutazamika!"

Kaka, Apolinaria alipiga kigelegele, mimi nikalia, mtoto akalia, na Bundala akageukia ukuta akawa anajifuta uso kwa jani la tumbaku, macho yakamwasha, akazidi kututukana. Alipotulia akasema, "Siku ile niliuma mahali pabaya. Utani wa kaburi husemwa watu wakiwa wameketi, si lori likiwa linapiga honi. Mama yenu alinifukuza jikoni kwake kama mwanawe. Nami nilikuwa na uchungu, nikautoa hivyo." Kisha akanifuata mpaka nyumbani akamkamata jogoo wetu mwekundu mbele ya Eustace bila kuomba, kama zamani. Eustace kasimama mdomo wazi. Jogoo mwenyewe nilikuwa nimemweka kwa sherehe, lakini acha amle!

Ametoa sharti. Nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie huyo mvunja watu anijibu. Sitaki barua ya kujililia. Asiponitukana kabla ya Pentekoste, nitajua bado amenikasirikia, na sisimami."

Kwa hiyo mambo yote yako mikononi mwako. Pentekoste ni tarehe kumi na nane. Nenda kwa padre, ungama, kisha tafuta tusi zuri. Mungu akutie nguvu kwa yote mawili.

Mdogo wako,
Tekla


Gerezani, Tabora,
13 Mei 1975

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena. Milele amina.

Barua yako nusura isinifikie. Afande Abasi aliniita ofisini uso umekunjamana: "Modest, hii ina matusi. Na huyu Bundala anakutishia?" Nikamweleza habari ya utani tangu safari za babu zetu. Kumbe yeye ni Mzaramo! Akapiga meza. "Wanyamwezi! Mlipofika kwetu pwani mabega yamechubuka, nani aliwapa maji? Na shukrani yenu ni kuvunjana mikono?" Akanicheka mpaka askari wa zamu wakaja kuchungulia, akanipa barua na karatasi ya kujibia. Naona hapa ndani nimepata mtani mwingine.

Tekla, nimeungama. Nilianza, nikakwama, nikarudi mwanzo kama ulivyosema. Padre hakuniharakisha. Nilipomaliza Baba Yetu mpaka amina, nilitoka nikaomba kazi ya kubeba maji, maana mwili ulikuwa mwepesi nisiweze kukaa.

Nimekubali. Jumapili saa ya misa nitasimama hapa nilipo, na kila atakaloulizwa Bundala nitalijibu kwa sauti. Nimekwisha kuwaonya wenzangu wasidhani nimepandwa na pepo.

Sasa msomee Bundala haya, mbele ya Apolinaria, wala usilainishe:

"Wewe Bundala, mkono wako hata kabla sijaugusa haukujua jembe, wala jembe halikuona tofauti ulipovunjika. Mtoto wangu mshike kwa ule wa pili, wa kushikia kata ya pombe, ndio wenye mazoezi. Na kanisani ukiulizwa kama unamkataa shetani, jibu upesi, watu wasije wakadhani mnashauriana."

Akimaliza kucheka, mwambie namwomba msamaha. Kisha nasubiri jibu lake, na lisiwe na adabu hata kidogo.

Kaka yako, na baba wa ubatizo wa Veneranda,
Modest