Mkeka Mbele ya Mlango wa Baba

Mtaa wa Mafundi,
Dodoma.
25 Machi 1994

Kaka yangu Munir,

Shikamoo. Assalaam alaykum, na mkono wa Idd nakupa japo imeshapita. Habari za Mwanza, na habari za wifi na watoto? Kifua chako kimetulia, au bado ule upepo wa ziwa unakusumbua? Sisi huku ni wazima. Mama magoti yanamuuma kama kawaida yake, ila tangu mwisho wa Ramadhani hayataji tena, na sababu utaiona. Nakuandikia nikiwa na furaha kubwa, kwa hiyo usiisome barua hii ukiwa umesimama. Kaa chini.

Ni habari za duka la baba. Tangu biashara ziachiwe huru, watu wa mji wamekuwa wakirudisha vile vyumba vya maduka vilivyopigwa kufuli wakati wa shida ya vitambaa na kugeuzwa stoo. Anayetaka chake aonyeshe kwamba ndiye aliyekuwa akifanya biashara pale. Karatasi za baba, Mungu amrehemu, unajua zilikoishia: mchwa wa Dodoma hawabagui. Tukabaki na midomo yetu tu.

Tulipopeleka maombi akajitokeza Swalihu, yule anayeuza redio na mitumba karibu na stendi. Akadai chumba kile kilikuwa ghala la marehemu ami yake muuza mchele, na kwamba baba yetu, mzee Mbaruku, alikuwa mtu wa barazani tu na cherehani yake. Baba aliyeishonea kanzu nusu ya mji huu, leo aitwe mtu wa barazani.

Basi jioni nikawa nakaa na Mama tunaukumbuka mtaa mlango kwa mlango, tupate mashahidi. Kona ya juu Athuman fundi baiskeli, aliyekuwa akikupa mipira mibovu utengeneze manati. Kisha Gabrieli mpiga picha na lile pazia lake lililochorwa ziwa na mitumbwi. Picha zetu zote za utotoni tumesimama ufukweni na vumbi la Dodoma miguuni. Nadhani pazia lile ndilo lililokupeleka Mwanza. Kisha Sidonia na asali yake ya Chemba, akisemezana na ndugu zake kwa ile lugha yao ya kugonga ulimi, nasi tukimwiga mpaka mate yanatutoka. Kisha mlango wa baba. Kisha Matonya kinyozi, na kiti chake kilichoegemea upande mmoja hata wateja wakatoka na nywele zilizoegemea. Na chini kabisa, jirani na tanuri la mikate, yule muuza mchele na mkewe Bibi Rukaya. Gabrieli amefariki, wengine wamehamia pembeni mwa mji, Msalato na Kikuyu, kwa watoto wao. Mama alipowataja alicheka, akalia, akacheka tena.

Afisa biashara aliyekabidhiwa shauri letu anaitwa Respicius, mgeni hapa mjini, kijana wa haki lakini maneno yalikuwa yamemchosha. Mashahidi wetu walisema hivi, wa Swalihu wakasema vile. Tena shahidi mkubwa wa Swalihu alikuwa Bibi Rukaya mwenyewe. Bibi wa watu siku hizi amesahau mengi. Aliambiwa aseme ghala lilikuwa lao, akasema. Mambo yalipokwama, Mama akamwomba Respicius jambo moja: aje mtaani wakati wa magharibi, asimuulize mtu kitu, atazame watu wanavyoketi kufuturu.

Wewe desturi yetu unaijua. Mwezi wa Ramadhani kila duka hutandika mkeka mbele ya mlango wake, si wa jirani, na masinia hupita kwa wote, Waislamu na Wakristo, wanaume na wanawake. Na unajua kwamba duka lilipofungwa Mama hakuacha. Kila mwaka alitandika mbele ya lile kufuli, akapakua uji na magimbi kwa yeyote apitaye. Ulimwambia kwa ukali kwamba anatuaibisha, anafuturisha watu mbele ya mlango uliokufa, na mwaka ule ule ukapanda treni ukaenda zako.

Tukatuma salamu Msalato, tukatuma Kikuyu. Hatukumfundisha mtu la kusema, tuliwaalika futari tu. Siku ile mvua ilikatika alasiri, njia ikabaki na matope. Respicius alisimama ng'ambo, mikono nyuma, uso wa mtu anayepotezewa muda. Watu wakaanza kutoka. Athuman akatandika kule juu kwake. Sidonia akaja na chungu cha asali, akaketi pale pale alipoketi siku zote, kuume kwetu, na Matonya kushoto. Hakuna aliyeuliza akae wapi. Lakini Swalihu naye si mjinga. Akaja na mkeka mpya wa plastiki, akautandika mbele ya mlango wetu, ukapanda juu ya wa Mama. Mama akaukunja wake kidogo kumpisha. Nikajua tumekwisha.

Ndipo Bibi Rukaya alipoteremshwa kwenye pikapu ya Swalihu, aje aketi pale watu wamwone. Akapokea shikamoo za watu, akampita Swalihu, akaupita ule mkeka wa plastiki, akateremka na mtaa polepole kwa bakora yake hadi chini, kwenye mlango wa mchele, jirani na tanuri. Akaketi, mgongo ukutani, akanyoosha miguu. Swalihu akamkimbilia kumwambia pao ni kule juu. Bibi akamtazama kwa mshangao.

"Kule kwa Mbaruku?" akasema. "Nimepata wazimu, nikaketi mlangoni kwa watu?"

Adhana ikalia. Hakuna aliyecheka kwa kuwa tulikuwa na tende midomoni, ila mabega ya Matonya yalikuwa yakitikisika. Uji wa kwanza Mama alimpelekea Bibi Rukaya kwa mkono wake mwenyewe. Swalihu akawa anaukunja mkeka wake aondoke. Mama akamwambia hapana mtu anayeondoka mlangoni kwake na njaa, naye Swalihu akakaa, akala. Respicius akavuka njia, akavua viatu.

Kabla ya Idd tukapewa chumba. Kufuli lilikuwa limeshikwa na kutu, Athuman akalikata kwa msumeno. Ndani panya na magunia, na katikati meza ya baba ya kukatia vitambaa, ya mninga, mchwa hawajaigusa. Nilimuuliza Mama kama miaka yote hiyo alikuwa akilinda mlango kwa makusudi. Akasema alikuwa akifuturisha watu, basi. Mkeka angeuhamishia wapi?

Sasa kaka, liko jambo ambalo nimelizungukazunguka tangu mwanzo. Respicius alipotaka jina la kuandika kwenye leseni, aliuliza mtoto wa kiume yuko wapi. Mtaa wote unajua baba alitaka kibao kisomeke Mbaruku na Mwanawe, nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kukutaja.

Mama akasema, "Andika Shamimu."

Nimeandikwa. Ukarani nimeuacha, wenzangu ofisini wanasema nimechanganyikiwa, nami usingizi wa raha kama huu sijaupata tangu utotoni. Cherehani ya baba naiendesha mimi, na kibao kimeshapakwa rangi: MBARUKU NA BINTI. Sikuombi radhi, kaka. Nakueleza mwenyewe usije ukaambiwa na watu.

Kasirika ukitaka, kisha uje. Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na uniletee kipimo cha tumbo, maana nasikia umenenepa na kanzu yako ndiyo nitakayoikata kwanza kwenye meza ile. Nikuambie na hili. Jioni ile Respicius alipotaka kuketi upande wa mlango, Mama alimsogeza, afisa mzima wa mji, akamwambia hapo pana mwenyewe. Nikakumbuka kwamba kila mwaka aliiacha nafasi hiyo wazi. Ni pale ulipokuwa ukiketi wewe.

Wasalaam,
mdogo wako,
Shamimu binti Mbaruku